Kazi ipo, kesho ndio hakuna

Kwetu Walukuba, hapa Jinja, Uganda, ukimuuliza mtu kama ana kazi hakwambii hapana. Atasema niko na kakitu, au nasukumasukuma tu, au leo nimepata lejaleja ya kushusha simenti, na yule amekauka kabisa atakwambia anangoja simu. Nimezaliwa hapa, nimekua hapa, na sijawahi kusikia mtu anasema "sina kazi" kwa sauti ya kawaida, labda awe amekunywa waragi, au awe anaongea na mtu mwenye amebeba fomu.

Mimi nimerudi nyumbani mwezi wa tatu mwaka 2025, na begi mbili na godoro, na jirani wa kwanza aliponiuliza "sasa siku hizi unafanya nini" nikasikia mdomo wangu unajibu wenyewe: niko na kakitu huku. Sikuwa na kitu chochote. Hiyo ndio imenifanya nianze kuliangalia hili jambo vizuri, manake redioni kila siku ajira, ajira, kila mwenye anataka kura anaahidi ajira, alafu ukitembea mtaani kila mtu ati ana kazi. Sasa nani anadanganya?

Mimi naona hakuna mwenye anadanganya. Kazi ipo kweli. Kitu hakuna ni kesho yake.

Wacha niwapeleke geti kwanza. Mtoto wa dada yangu ana miaka 22, alimaliza S6 akakosa pointi za skolashipu ya serikali, na karo ya kujilipia hatuna, basi akaanza kwenda viwandani kupakasa, yani kufanya kibarua cha siku. Siku moja akaniambia mjomba nisindikize, manake saa kumi na moja kasoro kuna giza na vijana wanavizia simu pale kwenye reli. Nikaenda naye. Geti la hicho kiwanda sitalitaja. Nilihesabu watu mpaka 140 nikaacha, na walikuwa bado wanakuja, wengine na boda wamepakiwa watatu, wengine kwa miguu kutoka Masese, na pembeni kina mama washawasha majiko wanauza chai ya rangi na muhogo, unaona kabisa kwamba wao ndio wenye kazi ya uhakika pale.

Saa kumi na mbili na nusu akatoka mwanaume mmoja na kaunta buku. Huyo si mtu wa kiwanda, ni mtu wa ejenti, wale wa kukiletea kiwanda vibarua, na hapo ndio mambo yote yamejificha, nitarudi. Anaangalia watu vile unaangalia nyanya sokoni, anasema wewe, wewe, wewe wa jaketi, wewe si ulikuja juzi? njoo, wewe hapana ulisumbua. Anaandika jina, unaonyesha kopi ya kitambulisho, unaingia. Masaa 12. Kiwanda kinasemekana kinatoa elfu 10 kwa kichwa, kwa mtu inafika elfu 8, na posho, yani ugali, na maharage ya mchana inakatwa humohumo. Hiyo elfu 2 inakwenda wapi kila mtu anajua na hakuna mtu anauliza.

Wenye wamebaki nje hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wengine wanashuka ziwani, wengine wanakimbilia saiti za ujenzi, na kuna wachache wanakaa tu hapo ukutani mpaka saa nne, kwa sababu mara ingine mtu anaumia ndani nafasi inafunguka. Wanakwambia hivo huku wanatafuna muhogo.

Kijana wetu siku ile aliingia. Mimi nikarudi peke yangu nikiwa namfikiria babu.

Babu alikuja huku kwa lori kutoka West Nile kukata miwa Kakira, wakati ule wa Mwingereza. Wenye wanajua historia watakwambia haikuwa bahati mbaya, West Nile iliachwa makusudi iwe ya kutoa watu, hakuna zao la maana la kuuza, na kodi ya kichwa unatakiwa ulipe kwa pesa taslimu, sasa pesa utaitoa wapi kama si kupanda lori? Miwa na pamba ya kusini ilikuwa inavunwa na mikono ya kaskazini, na ya Warwanda, na ya Wakenya. Alafu bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954, umeme ukaja, viwanda vikafuata, na Nytil kule ng'ambo Njeru ikaanza kusokota pamba, babu akatoka kwenye miwa akaingia kwenye nguo. Walukuba yenyewe ilijengwa kwa ajili ya hao watu, nyumba za mstari, choo cha pamoja. Na ndio maana sisi tunaongea Kiswahili nyumbani, watu wa Kampala wakisikia wanafikiri tumetoka jeshini. Kwa mstari mmoja una Mlugbara, Mluo, Msamia, Mualur, Japadhola na Msoga, sasa mtagombana juu ya sukari kwa lugha gani?

Sisemi zamani ilikuwa nzuri. Babu mwenyewe alikuwa anasema ule mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja mwenye hana bibi. Na kazi yenyewe ilikuja ikavunjika mikononi mwao, mwaka 1970 serikali ya Obote ikafukuza wafanyakazi wa Kenya, nusu ya mstari wetu ikabaki milango wazi, mwaka 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90, na viwanda vikabaki na watu wenye hawajui hata spea zinaagizwa wapi. Jinja haijawahi kurudi pale ilikuwa.

Lakini babu alikuwa na namba. Namba ya kazi. Mpaka amezeeka meno yameisha, ungemwamsha saa nane usiku ukamuuliza namba angeitaja kabla hajafungua macho. Kiwanda kilikuwa kinajua yeye ni nani, na yeye alikuwa anajua Ijumaa ijayo kiwanda kitakuwepo. Mtoto wa dada yangu amefanya kazi kwenye kiwanda kimoja zaidi ya mwaka sasa, ukijumlisha, na kiwanda hakina habari naye.

Na hii si kwa sababu sheria hakuna. Mimi hii ndio inaniudhi zaidi, kwamba sheria ipo na imeandikwa vizuri. Kanuni za ajira za mwaka 2011, zilizotoka chini ya Sheria ya Ajira ya 2006, zinasema kibarua hawezi kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Ikifika miezi 4 mfululizo, basi, si kibarua tena, anatakiwa apewe kontrakti ya maandishi na haki zote kama wenzake, likizo, mambo ya ugonjwa, kila kitu. Soma tena hapo: mfululizo. Sasa wewe kama ni ejenti na una akili utafanya nini? Mwezi wake wa tatu ukielekea mwisho unamwambia kijana pumzika kidogo, tutakuita. Anakaa wiki mbili tatu. Anarudi, anaandikwa upya, saa inaanza sifuri. Kuna mama mmoja mstari wa nyuma yetu amefanya hivo miaka 6, sakafu ileile, mashine ileile, na kwenye karatasi hajawahi kumaliza miezi 4.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha mabadiliko ya hiyo sheria, wakataka kuwabana hawa maejenti na kuwaangalia hata wafanyakazi wa ndani, Rais akaurudisha muswada bila saini. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini cha mshahara, nao haukusainiwa. Kwa hiyo kima cha chini chenye tunacho mpaka leo ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Elfu 6 leo ni rolex mbili, ile chapati ya kukunja na mayai, na hapo usiitishe nyanya nyingi.

Hoja ya wenye wanakataa naijua, ati ukipandisha gharama mwekezaji atahama aende kwingine, na watu watakosa hata hiyo elfu 8. Siwezi kusema ni upuuzi mtupu, kila kiwanda kipya kikifunguliwa Namanve au Mbale au Kapeeka watu wanafurika getini kwa hiari yao, hakuna mwenye amefungwa kamba. Lakini jamani, mtu akikubali elfu 8 kwa sababu ingine ni sifuri, hiyo si bei, hiyo ni njaa yake inaongea.

Sasa turudi kwa ile fomu. Mamangu alishafikiwa na vijana wa takwimu, wale wa UBOS na tableti zao, mimi sikuwepo, yeye ndio ananisimulia na bado inamkera. Mama miaka ya 90 alikuwa kiwanda cha samaki, alikuwa anachuna mputa, wenye wengine wanawaita sangara, ana kisu chake mwenyewe, na jioni anaruhusiwa kununua mgongo wazi, ile mifupa inabaki minofu ikitolewa, kwa bei ya chini, sisi tumekua na hiyo mgongo wazi, supu yake naijua mpaka leo. Mwaka 1999 Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa sumu, mama akakaa nyumbani miezi, akarudi, alafu mputa wenyewe wakaanza kupungua, viwanda vikaanza kufunga kimoja kimoja, akatoka moja kwa moja. Tangu hapo analima. Ana kipande cha kukodi kule njia ya Budondo, mahindi, maharage, viazi, anatoka saa kumi na mbili anarudi saa nane mgongo umekufa. Tunakula sisi, hauzi.

Yule kijana akamuuliza, mama wiki iliyopita umefanya kazi yoyote ya kulipwa au ya biashara, hata ya saa moja tu? Mama akasema mimi nalima. Kijana akauliza unalima kuuza ama kula? Kula. Kijana akabonyeza bonyeza. Mama akachungulia akamuuliza umeandika nini hapo, na kwa maelezo yenye alipewa ni kwamba yeye hahesabiki kwenye wenye wana ajira.

Nilipoenda kusoma nikakuta kijana hakukosea. Kuna utaratibu wa dunia nzima, wanatakwimu walikubaliana Geneva mwaka 2013, kwamba kulima chakula cha nyumba yako ni kazi lakini si ajira. Na wakati huohuo, mtu akifanya hata saa moja ya malipo ndani ya ile wiki wanayouliza, huyo ameajiriwa. Kwa hiyo jirani yetu mwenye alishusha simenti Jumanne asubuhi, akapata elfu 5, alafu akacheza ludo mpaka Jumapili, ana ajira. Mama yangu mwenye jembe halijakauka hana. Nilimweleza mama hivo akaniangalia tu, akaniambia mwanangu nenda kaniletee maji.

Ndio maana ukisikia ripoti ya nguvukazi ya mwaka 2021 inasema wasio na ajira ni asilimia 12 usikimbilie kushangilia wala kubisha. Asilimia 12 wamepimwa kwa rula yao na rula haina kosa. Ila hiyo rula inapima kama umegusa pesa wiki hii, haipimi kama utaigusa wiki ijayo. Wenyewe hao wanatakwimu wanalijua hilo, ndio maana wanahesabu pia vijana wenye hawako shule, hawako mafunzo, hawako kazini, na hapo namba inaruka juu sana. Nchi ina watu milioni 45.9 kwa sensa ya 2024, na nusu hivi hawajafika miaka 18. Hao wote wako njiani wanakuja geti lilelile.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kazi yenye watu wanaiita ya ofisi. Miaka 5 nilikuwa Kyangwali, kambi ya wakimbizi kule Kikuube, nafanya ukalimani na mambo ya jamii, manake Wakongo wengi pale wanaongea Kiswahili na wafanyakazi wengi wa mashirika wanatoka Buganda na Ankole hawakijui. Kiswahili cha Walukuba na cha Bunia havifanani lakini tulielewana, mwezi wangu wa pili pale nilikuwa nshaanza kusema "mingi" pahali pa "nyingi". Kontrakti ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Kila Disemba tumbo linauma, kila Januari unapumua. Nikajiona tofauti na watu wa geti. Nikanunua mpaka suti.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na sisi mshahara wetu ulikuwa unatoka huko, kupitia shirika lenye linapitisha kwa shirika lingine. Barua ilikuja kwa WhatsApp. Kwanza ati simameni siku 90, alafu wiki chache mbele ati basi. Wale wakimbizi wenyewe hali yao ikawa mbaya kuliko yangu, mwezi wa tano mgao wa chakula ukakatwa kwa watu kama milioni moja nchi nzima, kwa hiyo siwezi hata kulia vizuri. Lakini ukiangalia Arua, Yumbe, Adjumani, Hoima, hiyo miji ya karibu na kambi, mashirika ndio yalikuwa kiwanda chao. Wenye nyumba za kupanga, mama wa mgahawa, dereva, fundi wa jenereta, askari wa geti, wote walikuwa wanakula kwenye sahani moja bila kujua nani ameishika. Na mimi kumbe nilikuwa kibarua tu kama wengine, tofauti kaunta buku yangu ilikuwa na logo.

Watu wananiambia si ungebaki hukohuko, Kikuube kuna mafuta. Kweli mafuta yapo, Kingfisher iko palepale kwa ziwa, Tilenga iko Buliisa, na bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima kwenda Tanga. Na vijana walipata kazi, sitaki kudanganya, nimeona mtoto wa kijijini amefundishwa kuchomelea mabomba akapewa cheti chenye anaweza kwenda nacho nchi yoyote. Ila kazi za mafuta ni nyingi wakati wa kujenga. Wakati wa kuchimba barabara, kumwaga zege, kulaza bomba, hapo wanataka watu maelfu. Mafuta yakianza kutiririka wanataka watu wachache wa kukaa wanaangalia skrini. Nilipokuwa natoka, kuna makampuni ya ujenzi yalikuwa tayari yanarudisha watu, na wale vijana walikuwa wamekopa boda kwa matumaini ya mshahara. Hata reli ya SGR tunayoingoja, ile ya Malaba mpaka Kampala, kilomita 272, mkataba wamesaini na Waturuki Oktoba 2024, itapita huku kwetu na watu washaanza kuandika CV. Nayo itajengwa, itaisha. Nitafurahi ikija. Nitapeleka CV na mimi.

Serikali nayo jibu lake kubwa siku hizi ni kwamba acheni kutafuta kazi, jiajirini. Parish Development Model, milioni 100 kila parishi kila mwaka, nyumba inakopeshwa milioni moja. Jirani alichukua, akanunua kuku, kuku wakafa na kideri. Mwingine alichukua akafungua duka la mkaa na linaenda vizuri, kwa hiyo sina la kusema hapo.

Kitu kimeniokoa kidogo ni Kiswahili. Tangu mtaala wa sekondari wa 2020 Kiswahili ni lazima S1 na S2, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kila mahali, sasa shule zinatafuta walimu kama dawa. Nikafikiri hapa ndio pangu. Shule binafsi mbili zikanichukua kwa vipindi, yani nalipwa kwa kipindi, likizo silipwi, mtihani silipwi. Na hata wale wa serikali wenye wana cheti kamili hali yao ni ileile ya mwalimu wa sanaa: mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishwa akafika milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa akabaki karibu na milioni moja. Stafurumu moja, chai moja, mmoja anakuja na gari mwingine anaomba lifti. Walimu wa sanaa washagoma mara kadhaa. Kwa hiyo lugha ya Afrika Mashariki inafundishwa na watu wenye wamekasirika, wanafunzi watavumilia tu.

Ukitaka kujua nani kwenye ukoo wetu ana kontrakti ya kweli, ya maandishi, yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha na mshahara umeandikwa, ni mtu mmoja. Binti ya shangazi. Yuko Riyadh, anafanya kazi za ndani, riali 900 kwa mwezi, kama elfu 900 za huku inategemea riali imeamkaje, miaka 2. Alipita kwa kampuni yenye leseni, wizara ya leba ikagonga muhuri, shangazi ameweka kopi kwenye plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo. Simu alikuwa anapewa Ijumaa tu. Mwaka 2016 serikali iliwahi kuzuia kabisa wasichana kwenda Saudi kufanya kazi za ndani kwa sababu ya vile walikuwa wanateswa, mwaka uliofuata wakafungua tena, na wanaenda, kila wiki wanaenda, ukipita Entebbe usiku unawaona wamevaa sare za makampuni, wamekaa chini kwenye mstari. Watu wanawahukumu. Mimi siku hizi nanyamaza. Yule binti ndio amelipa paa la nyumba ya shangazi na karo ya wadogo wawili, na alipoulizwa kama atarudi kontrakti ikiisha akasema nirudi kwa geti gani?

Zamani mtu alikuwa anakwenda Juba, Sudan Kusini. Baada ya amani ya 2005 mstari mzima hapa ulihamia kule, boda, matofali, soda, alafu vita ya Disemba 2013 ikawarudisha na nguo za mwilini, wengine wakaenda tena, 2016 ikawarudisha tena. Sasa hivi wanasema Saudi, Dubai, ama Kenya kwa wenye hawana nauli ya mbali.

Haya, mwezi uliopita mtoto wa dada yangu akafika mwisho wa miezi yake mitatu na kidogo. Ejenti akamwambia pumzika. Kijana akamwambia bosi siwezi pumzika, nadaiwa nyumba. Ejenti si mtu mbaya sana, na yeye ana bosi wake, akamwambia basi kama unataka kuendelea bila kukaa nje, leta kitambulisho kingine. Cha nani? Chochote, ilimradi ni cha mwanaume na namba ya simu inafanana na jina, manake pesa inatumwa kwa mobaili mani.

Akaja kwangu usiku, akakaa mlangoni, akazunguka zunguka na maneno ya mpira, mwishowe akasema mjomba si una kitambulisho hukitumii?

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikampa kopi, ile ya fotokopi nyeusinyeusi, picha inaweza kuwa ya mtu yeyote mwenye masikio.

Kwa hiyo kwa sasa kiwanda kina mtu mwenye jina langu. Anaingia shifti ya usiku saa moja jioni, anabeba katoni mpaka alfajiri, na supavaiza anamwita kwa jina langu na yeye anaitika, ameniambia wiki ya kwanza alikuwa anasahau. Jumamosi pesa inaingia kwa simu yangu, shilingi 48,000, siku 6, na mimi namrushia, tunagawana ada ya kutuma. Mama ndio hajui. Na ikitokea wale vijana wa tableti wamerudi wakaniuliza wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya malipo hata ya saa moja, nina meseji 4 za kuwaonyesha, na zote zinaanza na jina langu kamili.